Kuzunguka Ziwa Masoko kabla tope halijakauka

Kila anayelifahamu Ziwa Masoko atakushauri uende Septemba. Barabara imekauka, anga limetakata, ukifika ukingoni unaliona ziwa lote kwa mara moja. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye gari na kwa anayetaka picha. Mimi huenda mwishoni mwa Mei, kwa baiskeli, masika yakiwa yanakata na baridi ya Nyanda za Juu Kusini ikiwa imeshabisha hodi, wakati njia bado ni tope mwanzo mwisho.

Sababu yangu ni moja. Ziwa hili halina mto. Hakuna mto unaoingia na hakuna unaotoka. Maji yake ni ya mvua inayolinyeshea lenyewe na kuta zake, pamoja na yale yanayopita chini kwa chini kwenye ardhi. Septemba utaona lilivyo zuri. Mei utaona linavyolishwa, na ukishaona hilo hutalitazama tena kwa jicho lilelile.

Kwa wasiolijua: Masoko liko wilayani Rungwe, mkoa wa Mbeya, kusini mashariki mwa Tukuyu, kama kilomita 15 kwa njia ya zamani iendayo Ipinda na Matema. Wenyeji huliita pia Kisiba. Ni ziwa la kreta, la mviringo, kipenyo chake ni kama mita 700, lakini kina chake kinazidi mita 35. Liko mita 840 hivi juu ya usawa wa bahari, na Tukuyu iko juu zaidi ya mita 1,500, kwa hiyo safari ya kwenda ni kuteremka na ya kurudi ni kupanda. Hapo hakuna ujanja.

Na tope nalo lina historia. Huku kwetu hatuna vuli na masika mbilimbili kama Pwani. Msimu ni mmoja, unaanza Novemba na kuishia Mei, na kilele chake ni Machi na Aprili. Pepo za kusini mashariki hupita juu ya Ziwa Nyasa, hujitwisha unyevu, kisha hukutana na milima: Livingstone upande mmoja, Rungwe na Poroto mbele. Hazina pa kupita ila juu. Zikipanda hupoa, zikipoa hutua mzigo. Ndiyo maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka wakati Dodoma haifikishi 600. Hata Juni na Julai, wenzetu wa mikoa mingine wakiwa wameshasahau mwamvuli, Tukuyu bado kuna manyunyu na ukungu wa asubuhi unaoganda kwenye nywele.

Safari hii nilikwenda na fundi baiskeli mmoja wa Tukuyu ambaye ndiye anayenitengenezea baiskeli yangu. Usiku uliotangulia ilinyesha hadi karibu na alfajiri. Nilipofika kibandani kwake saa moja, jambo la kwanza alilofanya ni kuchukua spana na kufungua madigadi zote mbili.

"Hizi leo ni adui, dada," akaniambia. "Tope likiingia hapa katikati, tairi linasimama. Bora likupake mgongoni."

Akapunguza upepo kwenye matairi mpaka ukiyabonyeza kwa dole gumba yanabonyea kidogo, akanionyesha kwa nini: tairi lililojaa sana linateleza juu ya tope, lililolegea kidogo linatanuka na kushika. Akakaza breki, akapaka cheni oili, halafu akachomeka kwenye keria yangu kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa mbele. Nilidhani ni cha kuchokoa mawe. Kumbe ndicho kifaa tulichokitumia kuliko vyote siku ile.

Tuliondoka tumevaa makoti. Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, ulikuwa nyuma yetu lakini haukuonekana hata kidogo. Ukungu ulikuwa umeufunika mpaka miguuni. Kushoto na kulia chai, migomba, miparachichi. Miparachichi imeongezeka sana Rungwe miaka hii, na ukipita asubuhi ya mvua unaona matone yamening'inia kwenye kila tunda. Watoto wa shule walikuwa wamebeba viatu mkononi, wanatembea peku pembeni ya barabara. Wanajua wanachofanya.

Tope la Rungwe si la aina moja. Huku juu ni jeusi, laini, lina utelezi; baiskeli inakwenda lakini haikusikilizi, usukani unaelekeza huku na gurudumu la nyuma linaelekea kwingine. Ukizidi kuteremka linaanza kuwa jekundu na zito, halitelezi tena bali linanata. Linapanda na tairi, linajibana kati ya tairi na foku, linachukua majani na vijiti njiani mpaka gurudumu linagoma kabisa. Hapo unashuka, unalaza baiskeli, unachomoa mwanzi, unakwangua. Unaendesha kidogo, unakwangua tena. Mikono inajaa tope, usukani unajaa tope, na baada ya muda unaacha kuhesabu hilo kuwa ni shida. Ni namna ya kwenda tu.

Waliotufundisha zaidi ni wale tuliopishana nao. Asubuhi ndiyo saa ya ndizi kupanda mjini. Wanaume wanasukuma baiskeli za Phoenix zilizobeba mikungu mitatu, minne, mmoja kila ubavu na mingine juu ya keria, na fimbo imefungwa kwenye usukani ili mtu aweze kuongoza akiwa amesogea pembeni ya mzigo. Hawapiti katikati ya barabara hata siku moja. Wanapita kwenye majani, pale ukingoni, ambapo mizizi imeshika udongo. Katikati, palipopita tairi za malori, panaonekana pamekuwa tambarare na pagumu, lakini chini yake ni uji. Mzee mmoja alisimama kupumzika, akaegemeza mzigo wake kwenye ngema, tukamwamkia.

"Marahaba. Mnakwenda wapi na hali hii?"

"Masoko, mzee. Kulizunguka ziwa."

Akatazama matairi yetu, akatazama anga. "Mtafika. Fuateni majani. Na kwenye ule mteremko wa mwisho msikamate breki ya mbele."

Tulifuata majani, na kwenye ule mteremko hatukuigusa breki ya mbele.

Kabla ya mteremko huo kuna mahali barabara imekata kilima, na ngema imebaki wazi. Mvua ilikuwa imeiosha usiku kucha, rangi zake zimekolea. Hapo nasimama kila mara, na ningemshauri kila anayepita asimame. Juu kabisa kuna udongo mweusi wenye mizizi ya migomba. Chini yake kuna mkanda wa kahawia, halafu mkanda wenye chembe za rangi ya krimu na njano, kubwa kuliko punje za mahindi. Nilizitoa chache kwa kidole. Ni nyepesi mno mkononi, ukiibonyeza kwa kucha inavunjika na kuacha unga, na ukiitazama kwa karibu ina vitundu vidogo vidogo visivyohesabika. Hilo ni jiwe lililotoka mlimani likiwa na povu la gesi, likapoa likiwa bado hewani.

Mlima Rungwe ni volkano. Karibu miaka 4,000 iliyopita ulilipuka kwa nguvu kubwa, ukamwaga vijiwe hivi na majivu juu ya eneo lote hili na mbali zaidi. Ngozi, upande wa Poroto, ambako leo kuna lile ziwa kubwa la kreta linalopandwa kutokea Isongole, nayo ililipuka katika miaka elfu moja iliyopita. Kyejo, volkano nyingine ya jirani, ilitoa lava karibu miaka 200 tu nyuma, wakati ambapo Wanyakyusa walikuwa wameshakaa kwenye nchi hii. Majivu hayo yakioza ndiyo yanakuwa udongo huu unaootesha kila kitu, na ndiyo pia yanakuwa tope hili, maana udongo wa majivu hunywa maji mengi sana kabla haujaanza kuyaachia. Chai, ndizi, viazi, parachichi na tope la kwenye foku yangu vyote vimetoka mle.

Kadiri tulivyoshuka makoti yakavuliwa. Hewa ikapata joto, ukungu ukabaki juu, kakao ikaanza kuonekana chini ya migomba, na matunda yake yameota kwenye shina lenyewe, njano na nyekundu. Ndani ya kilomita chache unakuwa umevuka kutoka nchi ya sweta kwenda nchi ya feni. Siyajui maeneo mengi Tanzania yanayofanya hivyo kwa mwendo wa baiskeli.

Ukifika Masoko, kabla ya ziwa unakutana na boma. Ni jengo la mawe la Wajerumani, lililokuwa kambi ya kikosi cha jeshi la kikoloni kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na limejengwa ukingoni kabisa mwa kreta. Baadaye liligeuka mahakama. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) na kuiteka Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg. Hadithi inayosimuliwa Masoko ni kwamba Wajerumani kabla ya kukimbia walitupa silaha na fedha zao ziwani. Ukikaa muda mfupi pale bomani atatokea kijana mwenye sarafu za kale kwenye kitambaa, akuambie zimetoka majini. Watu wengi huja kwa ajili ya hadithi hiyo, wanapiga picha boma, wanatazama maji dakika chache wakiwaza dhahabu, wanaondoka. Mimi naona hazina ya Masoko ni nyingine, na haihitaji kuzamia.

Hakuna barabara ya kulizunguka ziwa. Kuna vijia vya miguu, vya wakulima na wachota maji, vinavyofuata mdomo wa kreta, vingine vinashuka majini na kupanda tena. Tulianzia bomani, tukaenda na ziwa likiwa upande wa kushoto. Mahali pengine tuliendesha, pengi tulisukuma, na pachache fundi alibeba baiskeli zote mbili, moja kila bega, huku mimi nikitangulia kumtafutia pa kukanyaga.

Mwendo huo wa polepole ndio unaolifanya ziwa lieleweke. Ukienda Nyasa, huwezi kuona maji yanakotoka; yanatoka Ruhuhu, Kiwira, Songwe, yanatoka Malawi na Msumbiji, nchi nzima nzima zinamwaga mle. Ukienda Rukwa ni vivyo hivyo. Lakini Masoko ni bakuli. Ukisimama kwenye mdomo wake, tone linaloanguka upande wako wa kushoto linaishia ziwani na linaloanguka upande wa kulia linakwenda zake mtoni. Mpaka ndio huo, uko chini ya tairi lako. Kwa hiyo mtu akilizunguka Masoko kwa mdomo wake amezunguka eneo lote linalolilisha kwa maji ya juu ya ardhi, kila mti, kila shamba, kila kijia, na anafanya hivyo ndani ya asubuhi moja. Ziwa zima na nchi yake yote unavitia machoni kwa pamoja. Sijui ziwa jingine nililofika ambalo naweza kusema hivyo.

Na kwa kuwa ilikuwa imenyesha, nchi hiyo ilikuwa kazini. Upande wa kwanza miti ni minene, inashuka mpaka majini. Chini yake ardhi ilikuwa imeloa lakini imetulia. Majani makavu yamelala tabaka juu ya tabaka, na maji yalikuwa yanatoka taratibu kati ya mizizi, meupe kabisa. Niliyakinga kwa kiganja, nikaona mistari ya mkono wangu. Tulipozunguka upande mwingine tukakuta kipande kilichofyekwa na kulimwa mahindi, matuta yakiwa yameelekea chini. Hapo mvua ya usiku ilikuwa imechimba mifereji mitatu, na kwenye mwisho wa kila mfereji, ukingoni mwa maji, udongo mwekundu ulikuwa umetandazwa kama upepeo. Nilichuchumaa nikachomeka kidole cha shahada kwenye ule udongo mpya. Kilizama chote na hakikugusa chini. Mbele yake maji ya ziwa yalikuwa na doa la kahawia lililoenea hatua nyingi kabla ya kupotelea kwenye kijani.

Kwa nini hilo linanihangaisha, naomba nieleze. Miaka ya 1990 wanasayansi, wengi wao kutoka Ufaransa, walikuja Masoko na kutoboa tope la sakafu ya ziwa. Kwa kuwa hakuna mto wa kulivuruga, tope la Masoko limetua kwa utulivu, tabaka juu ya tabaka, pamoja na majivu ya kila mlipuko wa volkano za jirani. Walichomoa tope la mita zaidi ya 30, na la chini kabisa lilikuwa na umri wa takriban miaka 45,000. Ndani yake kuna chavua za miti iliyokuwepo, chembe za mkaa wa mioto ya zamani, dalili za miaka ya ukame na miaka ya mvua nyingi. Historia ya mvua ya kusini mwa Tanzania imeandikwa mle kuliko mahali pengi pa Afrika Mashariki. Ukigawanya tope hilo kwa miaka hiyo, unapata chini ya milimita moja kwa mwaka kwa wastani. Kidole changu kizima kilizama kwenye udongo wa usiku mmoja. Najua udongo wa ukingoni haujatandazwa ziwa zima, na najua masika ni masika. Bado, nikiwa nimechuchumaa pale, nilihisi uzito wa hesabu hiyo.

Mbele kidogo tulimkuta mzee anavua kwa ndoano, amekaa juu ya mzizi uliotokeza majini, ndoo ya plastiki pembeni. Tulimwamkia, akaitika, akatukaribisha tukae. Ndani ya ndoo mlikuwa na samaki wadogo, hakuna aliyezidi urefu wa kiganja. Wengi walikuwa wa njano. Wawili walikuwa weusi wenye kung'aa buluu.

"Hawa wa njano wako hapa hapa pembeni," alisema. "Hawa weusi mpaka uiache ndoano izame sana. Hawakai pamoja."

Aliyoyasema mzee yule ndiyo yaliyolifanya Masoko lijulikane duniani. Mwaka 2015, Milan Malinsky na wenzake, akiwemo Mtanzania Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya samaki hawa. Asili yao ni samaki mmoja wa mitoni, yule anayepatikana hata kwenye mito ya jirani kama Mbaka. Lakini ndani ya Masoko, katika miaka kati ya 500 na 1,000 iliyopita, wameanza kugawanyika: madume wa njano kwenye maji mafupi yenye mwanga, madume wa buluu iliyoiva huko chini kwenye giza. Wametofautiana umbo, chakula, hata jeni zinazohusika na kuona kwenye mwanga hafifu. Bado hawajatengana kabisa. Ni aina mpya inayozaliwa, na sisi tumejaliwa kuishi wakati inazaliwa, kilomita 15 kutoka Tukuyu. Kila nikifikiria hilo navimba kichwa, na nataka kila mwanafunzi wa Rungwe alijue kabla hajasoma habari za aina mpya zilizozaliwa kwenye visiwa vya mbali.

Sasa fikiria. Tofauti ya samaki hawa inategemea mwanga: juu kuna mwanga, chini kuna utusitusi. Maji yakichafuka na kubaki kahawia, mwanga haufiki chini ulivyozoea kufika, na rangi zinazowasaidia kutambuana hazionekani. Mle hakuna mto wa kuja kusafisha. Kinachoingia Masoko kimeingia.

Nilimuuliza mzee kuhusu lile shamba la mahindi. Hakutaka kumsema jirani yake, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema tu kwamba ardhi ni haba na watoto ni wengi, na kwamba yeye mwenyewe zamani alilima karibu na maji mpaka alipoona mzizi aliokuwa akikalia baba yake umefukiwa na udongo. "Miti hii ikiisha," alisema, akionyesha upande tuliotoka, "mtakuja kuvua vyura."

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa ziwa kama Masoko, mita 60 ni kama kusema ukuta wote wa ndani wa kreta mahali pengi. Sitaki kuona mkulima wa mahindi anafukuzwa na askari. Nataka aje mtu wa kilimo amwonyeshe jinsi ya kupanda kakao na migomba chini ya miti badala ya mahindi kwenye matuta yaliyoelekea majini. Wilaya hii ina wakulima wengi wanaofanya hivyo na wanapata pesa nyingi kuliko ya mahindi. Kakao inapenda kivuli. Kivuli ndicho ambacho ziwa linakihitaji. Mambo hayo mawili yanakutana vizuri na sijaona sababu ya kuendelea kuyatenganisha.

Tulimaliza mzunguko karibu na adhuhuri, tumeoga tope mpaka masikioni. Pale karibu na boma panaposhuka njia pana ya kwenda majini, vijana wawili wa bodaboda walikuwa wameingiza pikipiki zao ziwani mpaka kwenye tairi, wanaziosha kwa sabuni ya unga. Fundi akawasogelea. Aliongea nao Kinyakyusa, kwa upole, kwa muda, na mwishoni walicheka wote watatu. Mmoja akaazima ndoo kwa mama aliyekuwa anafua jirani, wakazitoa pikipiki, wakazisukuma juu barabarani, nje ya mdomo wa kreta, wakaanza kuzimwagia maji kule. Nilimuuliza aliwaambia nini.

"Niliwaambia oili ikidondoka hapa haiendi Kyela," akasema. "Inabaki, na kesho mama zao watachota."

Sisi nasi tukasubiri ndoo. Kuosha baiskeli yenye tope la Rungwe kuna utaratibu wake. Kwanza unakwangua kwa mwanzi likiwa bado bichi, maana likikauka linageuka tofali. Halafu unamwaga maji kutoka juu, bila kuyasukumia kwenye ekseli na kwenye bearingi za pedeli, kwa sababu mchanga wa majivu ni mkali, ukiingia mle unasaga chuma. Cheni unaifuta kwa kitambaa kikavu kiungo kwa kiungo, unaizungusha kinyumenyume, kisha oili, tone moja kila kiungo. Ndoo moja na nusu ilitosha baiskeli mbili.

Kurudi Tukuyu ilikuwa kupanda mita 700 na zaidi, na sehemu kubwa tulisukuma. Mvua ilitukuta tena kwenye chai. Kama unataka kwenda mwaka huu, wiki ya mwisho ya Mei bado utalikuta tope. Toka Tukuyu mapema, mvua ya huku hupenda mchana. Fungua madigadi, legeza upepo, fuata majani. Anzia bomani, lizunguke lote, usiishie kwenye picha ya kwanza, na lipa ushuru wa kijiji ukiombwa. Ndoo unaweza kuazima kwenye nyumba za juu ya njia ya kushukia majini. Chota, panda nayo mpaka barabarani, oshea huko.